UZI: HSC ya New South Wales – nafasi ya mtoto shuleni na mtihani wa mwisho zinavyogeuka kuwa alama moja

#1 Mpigahesabu

Salaam wakuu. Kila msimu wa HSC, cheti cha kumaliza mwaka wa 12, ukikaribia, maswali ya wazazi wa Kiswahili huku Sydney na Wollongong, Australia, ni yale yale. Mtoto akisoma shule isiyo na jina anakatwa alama? Akiwa wa kwanza darasani halafu mtihani ukamwendea kombo, inakuwaje? Na walimu wakigawa alama kama njugu, si watoto wao watapita wote? Naweka hesabu yote hapa, halafu tuulizane.

Muundo kwanza. Karibu kila somo la HSC lina nusu mbili. Nusu moja ni mtihani wa mwisho wa NESA, mamlaka ya elimu ya jimbo, ambao huandikwa Oktoba na Novemba. Nusu ya pili ni upimaji wa shuleni, kile ambacho Tanzania tungekiita alama za maendeleo. Hamsini kwa hamsini.

Ila hamsini ya shuleni haiingii kama mwalimu alivyoiandika. Inasawazishwa kwanza kwa alama ambazo kundi lile lile limepata kwenye mtihani. Kundi maana yake watoto wote wa somo hilo katika shule hiyo, hata wakiwa mikondo minne yenye walimu wanne. Kwenye alama za mwalimu yanabaki mambo mawili tu: nani yuko mbele ya nani, na kwa umbali gani. Kiwango chenyewe kinatoka kwenye mtihani.

Kanuni zake: alama ya juu kabisa ya shuleni inakuwa sawa na alama ya juu kabisa ya mtihani ndani ya kundi, hata kama imepatikana na mtoto mwingine. Wastani wa alama za shuleni unakuwa sawa na wastani wa mtihani. Alama ya chini kabisa ya shuleni inakuwa sawa na ya chini kabisa ya mtihani, kadiri inavyowezekana. Za katikati zinavutwa kwa mkunjo mmoja laini, ili mpangilio usivurugike na mapengo kati ya mtoto na mtoto yabaki na uwiano wake.

Mfano wa kutunga, kundi la watoto sita, Hisabati Advanced. Safu ya kwanza ni alama ya mwalimu, ya pili ni alama ghafi ya mtihani, ya tatu ni alama ya shuleni baada ya kusawazishwa:

A: 92 – 76 – 88
B: 85 – 84 – 81
C: 80 – 88 – 76
D: 74 – 62 – 71
E: 66 – 70 – 64
F: 53 – 52 – 52

Wastani wa mwalimu ulikuwa 75, wa mtihani 72. Jumlisheni safu ya tatu mtapata 432, sawasawa na jumla ya safu ya pili. Hakuna alama iliyozaliwa wala iliyopotea.

Mtazameni A. Mtihanini kapata 76, lakini kwa kuwa shuleni alikuwa wa kwanza, upimaji wake umepewa 88, ile aliyoitolea jasho C. C naye, wa tatu shuleni, kaambulia 76. Ukichukua wastani wa mtihani na upimaji uliosawazishwa, wote wawili wanamaliza na 82. B ana 82.5. Huku chini, E mwenye 67 kampita D mwenye 66.5, ingawa mwaka mzima D ndiye aliyekuwa mbele.

#2 Bi_Zubeda

Ahsante kaka. Lakini hapo kwa B sijaelewa. Wa pili shuleni si achukue alama ya pili ya mtihani? Ya pili ni 84, mbona umempa 81?

#3 Mpigahesabu

Dada, hapo ndipo hata watoto wenyewe hudanganyana. Alama za mtihani hazigawiwi kama foleni ya mkate, wa kwanza achukue wa kwanza, wa pili achukue wa pili. Kinachohamishwa ni umbo la alama za mwalimu. Kutoka A hadi F shuleni kuna hatua 39 (92 toa 53). Kwenye mtihani, kutoka juu hadi chini kuna hatua 36. B yuko hatua 7 nyuma ya A, kwa hiyo kwenye kipimo kipya anabaki karibu hatua 7 nyuma ya 88. Ndiyo 81.

Sasa chukulia B angekuwa na 91 shuleni badala ya 85. Nafasi ni ile ile ya pili, lakini upimaji wake ungetoka karibu 87. Na kwa kuwa jumla lazima ibaki 432, C angeshuka hadi 75, D hadi 69 na E hadi 62. Kwa hiyo mtoto akikwambia "mimi wa pili", muulize wa pili kwa alama ngapi nyuma ya wa kwanza, na wa tatu yuko umbali gani nyuma yake.

#4 Kigoma_Kwetu

Mkuu hesabu zako nzuri, ila tuseme ukweli. Shule zinazoongoza kwenye magazeti zina upendeleo wake. Mtoto wa shule ya nafasi ya 300 hawezi kupata alama sawa na wa shule ya nafasi ya 5. Bora ahame.

#5 Chaki_Nyeupe

Nafasi ya shule gazetini haiingii popote kwenye hesabu hii. Mpangilio wenyewe hutokea baada ya alama kutoka, kwa hiyo utawezaje kuzitengeneza?

NESA haitoi jedwali la shule. Inachochapisha ni orodha za heshima, na kubwa kuliko zote ni ya wanafunzi waliopata bendi ya juu katika somo, yaani 90 na kuendelea (kwa masomo ya Extension, yale ya ngazi ya nyongeza, bendi ya juu huitwa E4). Magazeti huhesabu majina ya kila shule kwenye orodha hiyo na kuyagawa kwa idadi ya mitihani ambayo shule iliingiza watahiniwa. Ndiyo asilimia mnayoiona Desemba. Shule ambayo watoto wake wote wamepata 89 ingesomeka sifuri, na ile yenye nusu 90 na nusu 45 ingeng'ara. Hicho ni kipimo cha kilele, hakisemi lolote juu ya mtoto wa kawaida.

James Ruse Agricultural High School iliongoza orodha hiyo miaka 27 mfululizo hadi North Sydney Boys ilipoivua taji mwaka 2023. Zote mbili huchuja watoto kwa mtihani wa kuingia. Kapu la mbegu zilizochaguliwa linatarajiwa lizae vizuri, hapo mtihani wa HSC haujampendelea mtu.

Kinachoingia kwenye hesabu ni kundi la somo. Ukiwa wa mwisho katika kundi kali, upimaji wako unashushwa hadi kwenye alama ya chini ya mtihani wa kundi hilo, ambayo huenda ni 75. Ukiwa wa mwisho katika kundi dhaifu unashuka hadi 30. Ukiwa wa kwanza katika kundi dhaifu, alama ya juu ya mtihani wa kundi itakuwa yako mwenyewe, na hakuna anayeweza kukuvuta chini ya hapo. Mfumo umetengenezwa ili mtoto mwenye uwezo ule ule atoke na alama inayokaribiana popote alipo.

Anayehamishwa shule mwaka wa 12 hubeba hasara ambayo haionekani kwenye jedwali lolote: kazi alizofanya kule hazikufanywa na kundi la huku, na shule mpya lazima itafute namna ya kumweka kwenye mstari wake. Hiyo ni kazi ngumu, na mara nyingi nafasi anayopewa haimridhishi mtu.

#6 Mtoro_wa_Hesabu

Na mwalimu akiwa mkarimu kama bwana harusi? Anamwaga alama kwa wote.

#7 Mpigahesabu

Mwongezee kila mtoto wa mfano wangu alama 5: 97, 90, 85, 79, 71, 58. Sawazisha. Safu ya tatu inatoka ile ile, haibadiliki hata kwa nukta. Mwalimu mkali akiwakata wote kumi kumi, matokeo ni yale yale pia. Kwa hiyo barua za malalamiko kwamba "mwalimu wetu anasahihisha kwa ukali kuliko shule jirani" hazina pa kwenda.

Kitu ambacho mwalimu anaweza kuharibu ni mapengo. Akitunga kazi rahisi mno, wote wakapata kati ya 90 na 95, mtoto hodari hana pa kujitenga na wenzake. Au mkondo mmoja ukasahihishwa na mwalimu mlegevu na mwingine na mkali: hapo kundi ni moja lakini fimbo za kupimia ni mbili. Ndiyo maana shule zinazojua kazi yake humpa mwalimu mmoja swali la kwanza la mikondo yote, mwingine swali la pili, badala ya kila mtu kusahihisha darasa lake.

#8 Nyota_ya_Jaha

Mkuu Mpigahesabu, je, matokeo ya mwenzangu kwenye mtihani yananigusa vipi? Watoto wanasema kusaidiana ni kujichimbia kaburi kwa sababu mnagombea nafasi.

#9 Mpigahesabu

Swali zuri. Rudi kwenye jedwali, badilisha kitu kimoja tu: C apate 96 mtihanini badala ya 88. Alama ya juu ya kundi sasa ni 96, jumla ni 440. Safu ya tatu inakuwa: A 96, B 84, C 77, D 69, E 61, F 52. A kapanda 8 bila kunyanyua kalamu, B kapanda 3, C kapata 1 kwenye upimaji (na 8 zake za mtihani anazo mkononi). D na E wamepungua kidogo, kwa sababu mkunjo sasa ni mkali zaidi juu na wao wako mbali na kilele. Kundi kubwa la watoto 80 halitikisiki namna hii kwa mtoto mmoja, lakini mwelekeo ndio huo: wa kwanza shuleni ana kila sababu ya kuombea wenzake wafaulu, maana hajui nani kati yao atakayeshika alama ya juu.

Upande wa chini unatisha zaidi. Rudisha C kwenye 88, halafu F aanguke na kupata 20 badala ya 52. Kama hesabu ingeachwa hivyo: A 88, B 85, C 80, D 72, E 56, F 20. Anayelipa ni E, jirani wa mkia, kapoteza 8. Waliopo juu wamenufaika hata! Ndiyo maana NESA huwa na chujio: mtoto ambaye alama yake ya mtihani iko chini sana kuliko alama zake za shule zinavyoashiria, hutolewa kwenye hesabu ya kundi ili asiwavute wengine, halafu upimaji wake hushughulikiwa peke yake.

Kwa hiyo ujumbe wa kweli kwa watoto ni huu: hadi moko (mtihani wa majaribio wa shule), mnashindana; kuanzia siku moko inapokwisha, nafasi zimefungwa, na kila alama anayoipata mwenzako Oktoba inaingia kwenye chungu chenu. Kikundi cha kujisomea Septemba ni faida tupu.

#10 Pwani_Moja

Kwa ndugu wa Kenya wanaosoma uzi huu: msifananishe na ya KNEC, baraza lenu la mitihani. Kwenye KJSEA ya Gredi ya 9, iliyoanza 2025, mtihani wenyewe ni asilimia 60, KPSEA ya Gredi ya 6 inaleta 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zinaleta 20. Vinajumlishwa. Mtoto hapewi alama kutokana na nafasi yake darasani.

#11 Chaki_Nyeupe

Na Tanzania kidato cha nne ni 30 za maendeleo kwa 70 za mtihani. Kuhusu kupanga shule, NECTA, baraza la mitihani la huko, yenyewe iliacha kutangaza kumi bora tangu matokeo ya kidato cha nne ya 2022 yaliyotoka Januari 2023. Turudi New South Wales kabla uzi haujahama nchi.

#12 Bi_Zubeda

Hizo kazi za shuleni ni ngapi, na moko ina uzito gani? Kuna anayesema moko ndiyo kila kitu.

#13 Chaki_Nyeupe

Mwaka wa 12 huanza muhula wa nne, Oktoba, mwaka mzima kabla ya mtihani. Kwa kila somo shule hairuhusiwi kuzidisha kazi nne za upimaji. Kila kazi iwe na uzito usiopungua asilimia 10 wala kuzidi 40. Kati ya hizo nne, ni moja tu inayoweza kuwa mtihani rasmi wa kuandika, na huo usizidi 30. Hiyo moja kwa kawaida ndiyo moko ya Julai au Agosti. Moko haitungwi na NESA. Shule hutunga yenyewe au hununua karatasi.

Mpangilio wa kawaida ni kama huu: kazi ya kwanza 20, ya pili 25, ya tatu 25, moko 30. Sasa angalia mtego. Mtoto kashika nafasi ya kwanza katika kazi tatu za mwanzo, kila mara kwa tofauti ya alama 1 dhidi ya mshindani wake. Faida yake ni 0.7 (asilimia 70 ya alama moja). Kwenye moko kaachwa kwa alama 20. Hasara ni 6. Kamaliza nyuma kwa 5.3 na nyumbani hawaelewi, "mbona ulikuwa wa kwanza mara tatu?" Nafasi za kila kazi hazijumlishwi, zinazojumlishwa ni alama kwa uzito wake, kisha nafasi ya mwisho ndiyo inasomwa.

Kazi yenye uzito mdogo lakini alama zilizotawanyika (kutoka 20 hadi 95) inaweza kupanga darasa kuliko moko ambayo wote wamejazana kati ya 70 na 80. Mzazi akipata karatasi ya kazi, asiangalie alama ya mtoto tu. Aulize wastani wa kundi na alama ya juu.

Na kuna sifuri. Kazi isiyowasilishwa bila sababu inayokubalika ni sifuri, na kwenye uzito wa 25 hiyo ni kama kutoboa mtumbwi. Zaidi ya hapo, mtoto lazima ajaribu kwa dhati kazi zenye jumla ya uzito unaozidi asilimia 50, la sivyo somo lenyewe halihesabiwi. Mtoto akiugua siku ya kazi, cheti cha daktari kiwe cha siku hiyo hiyo, na fomu ya shule ijazwe ndani ya muda ulioandikwa kwenye kijitabu cha upimaji. Kila shule ina muda wake, kijitabu hutolewa mwanzoni mwa mwaka wa 12, na wengi hukisoma wakati maji yameshafika shingoni.

#14 Kigoma_Kwetu

Na akiugua siku ya mtihani wa mwisho wenyewe?

#15 Chaki_Nyeupe

Kuna maombi ya ugonjwa na misukosuko, yanapelekwa NESA, kila mtihani ulioathirika unatajwa peke yake. Daktari aandike alichokiona na namna kilivyomzuia mtoto kuandika, siyo "hakujisikia vizuri". Ombi likikubaliwa, alama yake ya mtihani inalinganishwa na alama ya upimaji uliosawazishwa, naye anapewa iliyo kubwa. Kwa hiyo nafasi yake ya shuleni ndiyo bima yake. Aliyelegea mwaka mzima hana bima.

Yasiyokubaliwa: kukosa muda wa kujiandaa, mwalimu kubadilika katikati ya mwaka, kusoma ratiba vibaya. La ratiba, apige simu kwa mkuu wa shule dakika ile ile, asikae nyumbani akilia. Na akiweza kuandika, aandike. Mtoto akiamka na homa halafu akaenda akaandika nusu ya karatasi, ombi linabaki hai.

#16 Mtoro_wa_Hesabu

Bado kitu kimoja kinanisumbua. Watu wanasema mtoto alipata 78 akaandikiwa 90. Hizo alama zinaongezwa wapi?

#17 Mpigahesabu

Hapo tumefika hatua ya bendi. Kila tulichofanya juu ni kwa alama ghafi. Matokeo hayatoki ghafi. Jopo la walimu wazoefu wa somo huipitia karatasi swali kwa swali na kukadiria: mtoto aliye kwenye mpaka kabisa wa bendi ya 6, hapa atapata ngapi? Wanajumlisha, wanalinganisha na karatasi halisi za watahiniwa, wanakubaliana mpaka. Ikiwa mpaka wa bendi ya 6 mwaka huo umeangukia alama ghafi 78, basi 78 inaandikwa 90. Ikiwa mpaka wa bendi ya 5 ni 64, hiyo inaandikwa 80. Zilizo katikati zinapangwa kwa uwiano, kwa hiyo 71, iliyo nusu ya njia, inaandikwa 85.

Bendi ya 6 ni 90 hadi 100, ya 5 ni 80 hadi 89, ya 4 ni 70 hadi 79, zinashuka hivyo hivyo, na chini ya 50 ni bendi ya 1. Hakuna mgao wa idadi, kwamba asilimia fulani lazima wapate bendi ya 6. Karatasi ikiwa ngumu mpaka unashuka, ikiwa rahisi unapanda.

Tumia mipaka hiyo ya kutunga kwa A wetu. Mtihani 76 unakuwa 89. Upimaji 88 unakuwa 95. Wastani, alama ya HSC: 92. Kwa C ni kinyume chake, mtihani 95, upimaji 89, naye 92. Karatasi ya matokeo ya Desemba huonyesha zote tatu kwa kila somo: ya mtihani, ya upimaji, na ya HSC, pamoja na bendi. Ukiona upimaji uko mbali juu ya mtihani, mtoto alibebwa na nafasi yake. Ukiona uko mbali chini, mtihani ndio ulimwokoa.

#18 Nyota_ya_Jaha

Na ATAR, ile namba ya kuombea chuo kikuu, ndiyo wastani wa hizo 92?

#19 Mpigahesabu

Hapana kabisa, na kosa hili huwagharimu watu chaguo la masomo. ATAR hutengenezwa na UAC, chombo cha vyuo vikuu, na UAC hairudi kwenye 92. Inachukua alama ghafi, 82 ya A na 82 ya C, kisha inazipitisha kwenye skeli ya somo. Skeli inapima nguvu za watoto waliosoma somo hilo mwaka huo, wakitazamwa pia kwenye masomo yao mengine. Baada ya hapo huchukuliwa yuniti (kipimo cha ukubwa wa somo) 10 bora: mbili bora za Kiingereza ni lazima, na nane bora nyingine. Jumla ni kati ya 500, nayo hugeuzwa kuwa nafasi kutoka 0.00 hadi 99.95, kwa hatua za 0.05.

Ni nafasi, siyo asilimia ya ufaulu. 80.00 maana yake umewapita asilimia 80 ya rika lako, wakiwemo walioacha shule njiani. Ndiyo sababu mtoto wa katikati kabisa ya wanaopata ATAR huwa karibu na 70, wala siyo 50. Mzazi akiona 71 asiite kikao cha ukoo.

#20 Bi_Zubeda

Nimecheka hapo kwenye kikao cha ukoo. Swali la mwisho kwa upande wangu: kuna watoto wengi wa jamii zetu, hasa waliotoka Kongo na Burundi kupitia kambini, wako kwenye Kiingereza cha EAL/D, kile cha wasiokuwa na Kiingereza kama lugha ya kwanza. Wanapangwa pamoja na wale wa Advanced?

#21 Chaki_Nyeupe

La. EAL/D ni somo lake lenye karatasi yake, kundi lake na nafasi zake. Anayeruhusiwa ni yule ambaye, kabla ya kuanza mwaka wa 11, amesomeshwa kwa Kiingereza miaka mitano au pungufu. Mtoto aliyesoma kambini kwa Kifaransa au Kirundi akafika Australia akiwa darasa la 8 anaingia. Aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza Nairobi au Arusha tangu utotoni haingii, hata kama nyumbani ni Kiswahili kitupu.

Makundi ya EAL/D mara nyingi ni madogo, na kundi dogo lina tabia zake. Mtoto akiwa peke yake, upimaji wake unakuwa sawa na alama yake mwenyewe ya mtihani, kwa hiyo mtihani umekuwa asilimia 100 kwa vitendo. Wakiwa wawili, wa kwanza shuleni anachukua alama kubwa ya mtihani, wa pili anachukua ndogo, basi. Pengo lao la shuleni, liwe 1 au 30, halina kazi tena. Katika kundi la wawili, alama hiyo moja ya kumpita mwenzako ni ghali sana.

Masomo ya ufundi ya VET yako nje ya mchezo huu. Hayana upimaji wa kusawazishwa, mtihani ni wa hiari, na asiyeuandika hawezi kutumia somo hilo kwenye ATAR. Somo linalosomwa kwenye chuo cha nje, kwa mfano lugha ya Jumamosi, linapangwa na kundi la huko, siyo la shule yake ya kila siku.

#22 Mtoro_wa_Hesabu

Nafasi anaiona wapi, na akiona imekosewa?

#23 Mpigahesabu

Shule haimwambii mtoto alama ya mwisho ya upimaji iliyopelekwa NESA. Anachoweza kuona ni nafasi yake kwa kila somo, kwenye akaunti yake ya Students Online, baada ya mtihani wa mwisho wa ratiba kwisha. Asubuhi hiyo hiyo achukue karatasi za kazi zake zote nne, azidishe kila alama kwa uzito wake, aone kama nafasi inaingia akilini.

Ikiwa haiingii, anaomba shule ipitie upya. Muda ni siku chache tu. Kinachopitiwa ni hesabu: uzito ulitumika kama ulivyotangazwa? Kuna alama iliyoandikwa vibaya, kazi iliyosahauliwa, mtoto aliyechanganywa na mwenye jina kama lake? Alama ya kazi moja moja haifunguliwi tena hapo. Insha aliyopewa 12 kati ya 20 mwezi Machi ilitakiwa kuulizwa Machi, siku iliporudishwa.

#24 Chaki_Nyeupe

Naongezea: atunze karatasi zenyewe, siyo picha za alama kwenye simu. Jumla iliyokosewa juu ya jalada (14 na 17 zikaandikwa 21) hugunduliwa na mtoto aliyehesabu upya kurasa za ndani, na ikigunduliwa wiki ile ile mwalimu hurekebisha mezani bila fomu yoyote.